Kutoka Maandazi hadi Mandazi: Historia ya Vitafunio vya Nyumbani Katika Kibera na Kawangware kwa Ushahidi wa Maneno

1. Utangulizi

Historia ya Nairobi imekwisha kuandikwa kwa njia nyingi. Wapo walioifuata reli, wapo walioifuata ardhi na mipaka yake, na wapo walioyafuata majeshi na siasa. Jiko halijapata bahati hiyo. Sababu yake ni dhahiri: mwanamke aliyekanda unga usiku ili alfajiri akaange mandazi hakuandikiwa jalada, na aghalabu hakuna aliyemwuliza habari zake. Hata hivyo hakuondoka bila kuacha ushahidi. Aliacha maneno, na maneno ndiyo mali ya taaluma yetu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya vitafunio, vitamu na vya chumvi, vinavyopikwa majumbani katika Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya upande wa magharibi wa Nairobi, kwa kuyafuata majina yake. Hoja yetu ni kwamba badiliko la neno maandazi kuwa mandazi, ambalo walimu wengi wa Kiswahili hulikemea kama uharibifu wa lugha, ni kumbukumbu ya badiliko la kijamii. Kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya mwenzio kiligeuka kuwa kitu kinachohesabiwa kimoja kimoja na kuuzwa. Aidha tutaonyesha kwamba desturi ya kugawana haikufa kwa sababu ya biashara hiyo. Ilihamia kwenye hesabu ya namna nyingine.

2. Asili ya majina

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili ambazo zamani zilitenganishwa na konsonanti huzaa majina yenye tamati -zi. Kutokana na vaa tunapata vazi. Kutokana na kaa tunapata makazi. Kutokana na zaa tunapata mzazi. Kwa kanuni hiyo hiyo andaa huzaa mwandazi, yaani mpishi, na andazi, yaani kile kilichoandaliwa. Neno hili, basi, halitaji unga, wala sukari, wala mafuta. Linataja kazi na shabaha yake. Na kuandaa katika matumizi ya Waswahili ni kutayarisha kwa ajili ya watu: huandaliwa wageni, huandaliwa karamu, huandaliwa meza. Aliyekula peke yake jikoni husemwa kuwa amekula. Aliyewatengea wenziwe husemwa kuwa ameandaa.

Neno mkate nalo lina mafunzo. Waswahili husema mkate wa mofa, uliookwa kwa unga wa mtama. Mkate wa kumimina, ambao ni wa mchele. Na pia mkate wa tumbako, ambao hauliwi kama chakula. Matumizi hayo matatu yanatuonyesha kwamba mkate kwa asili si jina la chakula cha ngano, bali ni jina la umbo na mgawo. Uhusiano wake na kitenzi kata hauhitaji kutetewa kwa maneno mengi.

Maneno ya mkopo yanaonyesha fikira iyo hiyo. Kaimati limetokana na Kiarabu luqaymat, ambalo ni wingi wa udogo wa luqma, yaani tonge. Kaimati, kwa hiyo, ni vijitonge. Mahamri na hamira yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuchachua. Sambusa asili yake ni Kiajemi, na imezunguka nchi nyingi za bahari ya Hindi kabla ya kufika kwetu. Tukiyaweka majina haya pamoja tunaona kwamba kilichoandaliwa, kipande kilichokatwa na vijitonge ni majina ya chakula ambacho, tangu kilipotajwa mara ya kwanza, kilikusudiwa mkono wa pili. Sinia iliyofunikwa kwa kawa na kupelekwa kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi katika mwezi wa Ramadhani si nyongeza ya desturi juu ya neno. Imo ndani ya neno.

3. Kibera: neno lililokuja na askari

Jina la Kibera lenyewe ni somo la fonolojia. Wanubi, waliokuwa wakazi wa kwanza wa makazi hayo, waliliita pori hilo Kibra, yaani msitu. Wasemaji wa lugha za Kibantu, ambazo hazipendi konsonanti b na r zifuatane bila irabu, wakatia irabu na kulifanya Kibera. Jimbo la uchaguzi lililoanza mwaka 2013 limerudishiwa jina la Kibra, lakini katika vinywa vya wengi mtaa umebaki Kibera.

Mababu wa Wanubi hao walikuwa askari wa Kisudani, wengi wao kutoka katika jeshi la Emin Pasha la mkoa wa Ikweta, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 na ambao baadaye waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Tangu mwaka 1904 hivi walianza kukaa Kibera pamoja na aila zao, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo la ekari zaidi ya 4,000 kuwa hifadhi ya kijeshi. Lugha yao, Kinubi, ni krioli iliyojengwa juu ya Kiarabu, nayo ilielezwa kwa urefu na Bernd Heine katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu Kinubi cha Kibera.

Katika jiko la Kinubi tunakuta gurusa, chapati laini ya unga wa majimaji unaomiminwa juu ya kikaango. Neno hili ni ndugu wa gurrasa ya Kiarabu cha Sudan. Halikupita Mombasa wala Zanzibar. Lilikuja kwa miguu, kutoka mto Naili, kupitia Uganda. Kando yake tunakuta mahamri, kaimati na sambusa, ambayo ni maneno ya pwani, kwa kuwa Wanubi ni Waislamu na uhusiano wao na Waswahili wa Nairobi, katika Pumwani na kwingineko, ulikuwa wa karibu tangu mwanzo. Jiko moja la Makina, sehemu ya Kibera wanakokaa Wanubi wengi, linaweza basi kuwa na maneno yaliyofika kwa njia mbili: moja ya nchi kavu na nyingine ya bahari.

Njia ya tatu ni reli. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na kwa jumla ilijengwa kwa jasho la vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, waliueneza mji kwa chapati, bajia na kachori. Ushahidi bora wa njia hii ni kwamba Nairobi ina majina mawili kwa kitu kimoja. Mwislamu wa Makina anayefuata mazoea ya pwani husema sambusa. Muuzaji wa kando ya reli husema samosa. Huyu wa pili hakukosea. Alilipokea neno kutoka dukani kwa Mhindi na katika Kiingereza cha mjini, wakati yule wa kwanza alilipokea kwa Waarabu na Waswahili. Tofauti ya silabi mbili ni tofauti ya safari mbili.

Lakini maneno pekee hayakaangiki. Vitafunio hivi visingaliweza kuwa chakula cha watu wa kawaida bila unga wa ngano na sukari kupatikana kwa wingi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini ngano ya Delamere huko Njoro ilishambuliwa na ugonjwa wa kutu; hata hivyo kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908, na kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kikaanza mwaka 1922. Majani ya chai yalikwisha kupandwa Limuru mwaka 1903. Reli hiyo hiyo iliyowaleta Wahindi ndiyo iliyobeba unga na sukari mpaka Nairobi, na ndiyo inayopita katikati ya Kibera mpaka leo.

4. Kawangware: keki na chapati ya Krismasi

Historia ya Kawangware ni tofauti. Hapa palikuwa sehemu ya Dagoretti, ardhi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, iliyoingizwa katika mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru, mwaka 1963. Wenye mashamba walijenga vyumba vya kupangisha, na wapangaji wakaja kutoka pande zote za nchi, hasa Uluhya. Mtaa huu haukuwa na jiko la Kiislamu la kale kama Makina. Maneno yake yalikuja kwa misheni, kwa shule na kwa soko.

Wakikuyu huuita mkate mũgate. Sauti ya g inapoonekana badala ya k tunakumbushwa kanuni ya Dahl, ambayo katika Kikuyu hulegeza k inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna kama t. Wajaluo nao wamelichukua neno hilo na kulifanya makati. Kila lugha imelivisha neno vazi lake, lakini mkate wenyewe, yaani mkate wa ngano wa dukani, kwao wote ulikuwa mgeni aliyekuja na jina la Kiswahili.

Keki ilifika kwa mlango wa misheni na wa mafunzo ya akina mama. Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, isiyo mbali na Kawangware, iliwafundisha walimu na wake zao maarifa ya nyumbani. Kutokana na juhudi za namna hiyo ndipo Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, na vyama vyake vikafundisha upishi, ushonaji na ufumaji. Mafunzo hayo hayakukosa shabaha ya kisiasa, maana mwaka huo huo ilitangazwa hali ya hatari na serikali ilitaka akina mama wawe upande wake. Lakini mwanafunzi si lazima abebe shabaha ya mwalimu. Aliyefundishwa keki ili awe mke mtulivu wa kikoloni aliipika keki hiyo katika arusi na ubatizo wa watu wake.

Hapa pia lugha ilihitaji kufanya kazi. Kuoka, kwa Kiswahili cha kale, hakukuhitaji sanduku la chuma lenye mlango. Waswahili walikuwa na kitenzi kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko cha chungu ili chakula kipate joto la juu na la chini. Mama wa Kawangware anayeoka keki katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa, juu ya jiko la makaa, na kuutandaza moto juu ya kifuniko, anapalia, ingawa pengine hajawahi kulisikia neno hilo. Maarifa yamefika bila jina lake.

Chapati nayo katika nyumba za bara ilipata cheo ambacho haikuwa nacho kwa Mhindi aliyeileta. Kwa Mhindi ni chakula cha kila siku. Kwa mpangaji wa Kawangware wa miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa chakula cha Krismasi. Unga na mafuta vilikuwa ghali, na kazi ya kukanda, kusukuma na kukaanga ilihitaji mikono mingi. Kwa hiyo neno chapati lilikuja kumaanisha sikukuu, na mtoto aliyetumwa kwa jirani akiwa na sahani iliyofunikwa alijua kabisa anabeba nini.

5. Sarufi ya biashara

Sasa tunaweza kulirudia neno mandazi. Katika Kiswahili sanifu andazi ni la ngeli ya LI-YA: andazi limeungua, maandazi yameiva. Katika Kiswahili cha Nairobi irabu mbili zimefupishwa kuwa moja, kiambishi ma- kimeacha kusikika kama kiambishi, na neno zima limekuwa mzizi: mandazi moja, mandazi mbili, mandazi imeungua. Walimu husahihisha. Lakini msahihishaji hana budi kueleza kwa nini vazi halikupata mkasa huo. Hatusikii mtu akisema mavazi moja imechanika. Kwa upande mwingine tunasikia mayai moja. Kama ufupishaji wa sauti ungalikuwa ndiyo sababu pekee, neno mayai, lisilo na irabu mbili za kufupishwa, lisingaliathirika.

Kwa maoni yetu sababu ni namna vitu hivi vinavyokutana na mtu. Mandazi na mayai huonekana kwanza yakiwa mengi, katika beseni au trei, na jina la wingi ndilo linalosikika kwanza. Kisha mnunuzi huchagua kimoja. Mtu asiye na lugha ya Kiswahili nyumbani, anayekijifunza kibandani kando ya barabara, hulisikia neno la wingi na kulitilia idadi ya umoja. Umoja wa andazi ulipotea kwa sababu hakuna mahali alipoukuta. Kosa hili, basi, lina anwani: ni kibanda cha asubuhi, ambapo mfanyakazi anayekwenda kwa miguu kutoka Kibera mpaka Eneo la Viwanda hununua kimoja au viwili kwa kadiri ya fedha yake. Swali lake, "Ni ya ngapi?", limeifanya bei kuwa sehemu ya jina, na tunasikia mandazi ya kumi kama vile zamani tulivyosikia mkate wa mofa.

Hata kutoweka kwa neno mahamri katika vibanda hivyo kuna maana. Mahamri huhitaji hamira, tui la nazi, iliki na usiku mzima wa kuumuka. Mwuzaji wa Nairobi hutumia unga uliotiwa kiumuo kiwandani, au kiumuo cha kopo, kwa kuwa wateja wanapita saa kumi na mbili. Kilichokosa hamira hakiwezi kuitwa mahamri bila kusema uongo, na wasemaji wamekuwa wakweli.

Biashara imezaa pia maneno mapya. Hafukeki, kinyume cha jina lake, si nusu ya kitu chochote wala si keki. Ni donge gumu lenye ufa juu, lililopewa jina la Kiingereza hapa hapa kwetu. Andazi zito na gumu limeitwa ngumu, na baadaye KDF, kwa kifupisho cha jina la Kiingereza la Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Jina hili tunaweza kulipima umri: halingaliweza kuzaliwa kabla ya Katiba ya mwaka 2010 iliyoyapa majeshi jina hilo. Ni nadra mwanaisimu kupata neno la jikoni lenye tarehe ya kuzaliwa iliyo wazi namna hiyo. Hata hivyo itakuwa vigumu kulikuta katika kamusi zetu sanifu.

6. Hesabu ya sahani

Je, kugawana kulikwisha? La. Katika mauzo kinachohesabiwa ni kipande. Katika kupeana kinachohesabiwa ni sahani. Hakuna anayesema nimeletewa kaimati kumi na moja. Husema nimeletewa sahani ya kaimati. Sahani hiyo hairudi tupu, na deni lake halilipwi kwa fedha. Katika Kibera sahani ya Idd kutoka kwa Mnubi hurudishwa wakati wa Krismasi ikiwa na chapati au keki ya Mluhya, Mkamba au Mjaluo. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Katika mitaa hii hata sahani tupu ni aibu.

Desturi hii isidharauliwe kuwa ni jambo la wanawake na watoto tu. Kupokea chakula kilichopikwa na jirani ni kumwamini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, imani hiyo ilivunjika: soko la Toi liliteketezwa, reli ya Kibera iking'olewa mwanzoni mwa mwaka 2008, na watu waliokuwa wakipelekeana sahani wakafukuzana. Tena, tarehe 23 Julai 2018, nyumba zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara, na watu wapatao 30,000 wakaondolewa. Hasara ya namna hii hutajwa kwa idadi ya nyumba na shule. Haitajwi kwa idadi ya sahani zilizobaki kwa majirani wasiojulikana walikokwenda, na hiyo nayo ni hesabu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya vitafunio vya Kibera na Kawangware yana tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni la kuandaa na kugawa, nalo ni la kale. La pili ni la njia: mto Naili, bahari, reli na misheni. La tatu ni la biashara ya barabarani, ambayo imebadili hata ngeli ya neno.

Jambo hili lina uzito nje ya isimu. Wanubi walihesabiwa kuwa wageni kwa muda mrefu. Ilibidi Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iamue, mwezi Machi 2011, kwamba watoto wao walikuwa wakinyimwa haki ya uraia, na ni mwaka 2017 tu walipopewa hati ya ekari 288 kati ya zile zaidi ya 4,000 za mwaka 1918. Katika mabishano hayo ramani na matangazo ya serikali vilitolewa kama ushahidi. Maneno hayakutolewa. Na ilhali gurusa na Kibra ni kumbukumbu za watu waliokaa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, wakipika na kuwapa jina la pori lao hata majirani waliokuja baadaye.

Kwa hiyo tunapendekeza idara zetu zianze daftari la maneno ya jikoni ya Nairobi. Kila neno liandikwe pamoja na umoja na wingi wake kama unavyosemwa, lugha ya nyumbani ya msemaji, namna ya kupika, na kama kitu hicho kilipikwa kwa kuuzwa au kwa kupelekwa. Safu hii ya mwisho isiachwe. Bila hiyo tutakuwa na orodha ya vyakula. Tukiwa nayo tutajua mandazi hukoma wapi kuwa bidhaa na kurudi kuwa maandazi.